Mtoto Aliyepona Kabla ya Kutibiwa

Nchi yenyewe haina jina. Si kwamba halikutafutwa. Lilitafutwa, likapatikana, likachongwa kwenye kibao kizuri cha mninga na kufunikwa kitambaa. Ila siku ya kulizindua mgeni rasmi alipata udhuru, na mpaka leo kibao kimefunikwa. Ukiwauliza wananchi wanatoka wapi wanakujibu, "Huku kwetu," na maisha yanaendelea.

Maana sheria ya nchi ile ni moja tu, tena fupi, hata asiyesoma anaishika: kitu kisichozinduliwa hakipo. Ukipita huko usishangae kuona daraja jipya linang'aa juu ya mto na watu wako chini yake, maji ya kiunoni, wanavusha ng'ombe. Daraja halijakatwa utepe. Kuna kisima kilichimbwa, kikajaa, kikafurika, kikakauka, na hakuna aliyeonja tone, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa safarini. Hata mvua, mwaka mmoja zilianza kunyesha kabla Mkuu wa Wilaya hajazizindua; waliopanda wakaambiwa wamepanda kiangazi, na mahindi yao yakang'olewa kwa kuota bila idhini.

Huwezi kusema sheria hiyo ni mbaya. Inaleta utulivu.

Sasa, mwisho kabisa wa nchi hiyo, pale barabara inapochoka na kuwa njia ya mbuzi, kuna bonde la chumvi linaitwa Magadini. Huko aliishi mwanamke mmoja, Nyamizi, mchemsha chumvi. Anakwangua ule ukoko mweupe unaobaki maji ya bonde yakikauka, anauchuja, anauchemsha kwenye sufuria pana mpaka chumvi itulie chini. Mume wake alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, na dhahabu ikamng'ang'ania, hakurudi. Alimwachia pacha wawili wa kiume, Kulwa na Doto, wanafanana kama macho mawili ya mtu mmoja.

Pacha wa Magadini wana desturi yao. Kilichompata mmoja kimewapata wote. Ukimpa Kulwa ndizi, umempa na Doto, kwa hiyo unatoa mbili au unakata katikati. Ukimchapa Doto, Kulwa naye unampa pole. Ukimkuta mmoja peke yake njiani unasalimia wawili. Na ahadi uliyompa huyu, yule anaweza kuja kuidai mlangoni kwako, na hakuna mtu Magadini atakayekuunga mkono ukisema hukumwahidi yeye.

Jambo moja tu halikugawanyika. Kulwa alizaliwa na moyo mbovu. Akitembea kidogo, midomo inakuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, kucha nazo hivyo hivyo, na anachuchumaa, magoti kifuani, mpaka pumzi imrudie. Doto hakuwa na ugonjwa wowote, lakini kila Kulwa alipochuchumaa, Doto naye alichuchumaa kando yake kumsubiri. Hakuna aliyemfundisha. Ikawa mazoea, hata akitumwa peke yake, anakimbia, akifika anachuchumaa kwanza, ndipo anasema alilotumwa.

"Huyu mwanao mzima ni mvivu," jirani yake, Mama Shija, alikuwa akimtania Nyamizi.

"Si mvivu. Anamsubiri mwenzake."

"Na mwenzake yuko nyumbani?"

"Ndiyo. Anamsubiri huko huko aliko."

*

Siku moja likaja lori jeupe, limechorwa moyo mwekundu unaocheka. Ubavuni liliandikwa: Mfuko wa Mheshimiwa Mlezi wa Kunusuru Mioyo Midogo ya Pembezoni. Maneno yalianzia mlango wa dereva, yakazunguka lori zima, yakamrudia dereva. Ilisemekana ndani mna chumba kamili cha upasuaji, na kwamba mtoto anaingia mlango wa nyuma akiwa na moyo mbovu na kutoka na mzima.

Na lori hilo walikuja watu watatu wa kuwajua. Wa kwanza ni Dakta Salha, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, fundi wa mioyo. Wa pili ni bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani akae kiti gani na nani apige makofi wakati gani. Watu wakamwita Bwana Itifaki, na yeye akafurahi. Wa tatu ni Lugendo, Mratibu wa Mioyo wa kanda hiyo.

Lugendo alikuwa mdogo wake Nyamizi, tumbo moja, titi moja. Mama yao alipofariki, Nyamizi ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyechemsha chumvi ya kumsomesha mpaka akapata suti. Sasa alikuwa amerudi na viatu vya kung'aa, anatembea kwenye chumvi kwa kunyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga tope.

"Dada," akasema, "nimekuletea lori."

Nyamizi akamsogelea. Akamshika mikono yote miwili, akaitazama, akaiachia.

Dakta Salha alimsikiliza Kulwa kifua muda mrefu. Kulwa akamuuliza, "Unasikia nini humo?"

"Nasikia mtu anafanya kazi ya watu wawili."

"Doto huyo."

Dakta akacheka, kisha akamgeukia Nyamizi. "Mama, moyo wa mwanao una tundu, na njia moja imebana. Bila kutengenezwa hafiki mbali. Lakini unatengenezeka. Nimeshatengeneza mingi."

"Lini, Dakta?"

"Mimi hata leo."

Bwana Itifaki akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu kwa kazi hiyo.

"Dakta, lori halijazinduliwa."

"Mtoto yupo hapa anahema. Msikilize."

"Hayo ni mambo ya kitabibu. Mimi nazungumzia utaratibu."

Nyamizi, ambaye alikuwa ameketi chini na Kulwa mapajani, akasema kwa adabu, "Basi, baba, si lizinduliwe?"

"Ndicho kilichotuleta, mama. Lakini Mheshimiwa Mlezi hazindui kitu kitupu. Kuna mahali alizindua zahanati, gazeti likaandika kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyepona humo. Alihuzunika sana, na mwenye gazeti akahuzunika zaidi. Toka siku hiyo kuna agizo: hakanyagi mahali mpaka kuwe na matokeo. Lazima akute mtoto aliyepona."

"Apone kwa lipi, na lori limefungwa?"

"Hapo ndipo penye changamoto."

Mama Shija, aliyekuwa amesimama nyuma na mjukuu wake mgonjwa mgongoni, akadakia: "Yaani kuku asitage mpaka vifaranga wakue."

"Umelieleza vizuri kuliko mimi," akasema Bwana Itifaki bila kinyongo.

Ufunguo wa lori alikuwa nao shingoni, kwenye mnyororo. Kesho yake asubuhi Dakta Salha alionekana akizunguka kijijini anaazima nyundo. Kabla ya adhuhuri alipata uhamisho, tena wa heshima: apelekwe kisiwa kimoja kuanzisha tiba ya moyo. Kisiwa hicho hakina watu, ili asisumbuliwe. Alipopanda gari alimwita Nyamizi dirishani.

"Mama, usikubali wakuambie subiri. Mtoto huyu si wa kusubiri. Umenisikia?"

Gari likaondoka. Bwana Itifaki akapunga mkono, maana hakuna aliyejaliwa kuaga watu kama yeye.

*

Jioni Lugendo alimkuta dada yake akikoroga sufuria. Pacha walikuwa kando, wamechuchumaa wote wawili, wanatazama moto. Lugendo akawatazama. Akamtazama Kulwa, kisha Doto, kisha Kulwa tena. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajajua kama mwenyewe yuko karibu.

"Dada, Kulwa tumempiga picha jana. Amekonda, midomo ya zambarau. Picha imetoka vizuri."

"Inawezaje kutoka vizuri?"

"Namaanisha inaonekana. Sasa tunachokosa ni Kulwa aliyepona." Akamtazama tena Doto. "Na Doto amenawiri."

Nyamizi akaendelea kukoroga.

"Sikiliza, dada yangu. Doto asimame jukwaani kidogo tu. Aseme, mimi ni Kulwa, nimepona. Mheshimiwa anafurahi, anakata utepe, lori linakuwepo. Likishakuwepo, Kulwa anaingia mlango wa nyuma siku hiyo hiyo. Tunatanguliza matokeo, tiba inafuata. Serikalini ndivyo tunavyofanya mambo yote."

"Ni uongo, Lugendo."

"Uongo kwa nani? Wewe mwenyewe ndiye uliyenilea na desturi. Kilichompata mmoja si kimewapata wote? Doto akipewa ahadi mbele ya Mheshimiwa, nani atamnyima Kulwa?"

Hapo Nyamizi akaacha kukoroga. Mtu wa kwingine angecheka. Lakini mtu wa Magadini hawezi kucheka hapo, maana ni kweli: ahadi ya pacha mmoja ni deni kwa wawili, hakuna aliyewahi kuikana. Akaona mdogo wake hamdanganyi, anamkumbusha.

Akachota chumvi ya moto kwa ncha ya upawa, akaipuliza, akaimimina kiganjani, akamnyooshea. Magadini hawaapi kwa kitabu wala kwa kaburi. Wanalamba chumvi kwenye kiganja cha yule wanayemwapia, na aliyelamba haongopi.

Lugendo akavua miwani, akainama, akalamba.

"Siku hiyo hiyo," akasema.

"Siku hiyo hiyo," akasema Nyamizi.

"Mjomba," Kulwa akauliza, "mimi siku hiyo nitakuwa nani?"

"Wewe utapumzika, baba."

*

Uzinduzi ulifana. Palikuwa na turubai, bendi ya tarumbeta, na viti vyenye mito kwa wageni. Watu wa Magadini walipewa jua. Kulwa alifichwa kwenye stoo ya shule pamoja na Mama Shija, juu ya magunia, na kila kipaza sauti kilipomtaja, "Mtoto Kulwa! Shujaa Kulwa!" yeye huko gizani aliitika, "Naam," kwa sababu alikuwa amelelewa akiitwa aitike. Mama Shija akamwambia, "Nyamaza, si wewe." Akanyamaza kidogo, kisha akaitwa tena, akaitika tena.

Mheshimiwa Mlezi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nyuma yake kulisimamishwa picha kubwa ya Kulwa, midomo ya zambarau, chini yake neno KABLA. Kando pakaachwa nafasi tupu. Bwana Itifaki akamsukuma Doto taratibu mgongoni.

"Kimbia, mwanangu. Mheshimiwa aone moyo unavyofanya kazi."

Doto akakimbia jukwaa zima, mwisho hadi mwisho, miguu ikipiga mbao. Watu wakashangilia. Akafika mbele ya Mheshimiwa, na kama kawaida yake, akachuchumaa, magoti kifuani, akatazama pembeni, akasubiri.

Nyamizi akapiga hatua moja kuelekea jukwaani. Lugendo akafunga macho.

Lakini Mheshimiwa Mlezi akashika kifua chake mwenyewe. "Oneni," akasema, na sauti ikamkatika kidogo. "Oneni shukrani ya mtoto wa pembezoni. Hakuna aliyemfundisha."

Na hapo alisema kweli.

Basi Bwana Itifaki, ambaye nafasi haimpiti, akachuchumaa. Wakuu wa idara wakamwona, wakachuchumaa. Bendi ikachuchumaa, mwenye ngoma kubwa kwa shida. Mpaka leo ndiyo salamu ya taifa la nchi ile: mkubwa akipita, watu wanachuchumaa, magoti kifuani, wanatazama pembeni. Watoto wanafundishwa shuleni. Kuna hata kiingilio cha kwenda kutazama wanavyofanya.

Mheshimiwa akahutubia. "Ndugu wananchi, wapo wanaosema nchi yetu haina moyo. Leo tumewaonyesha moyo, tena umezibwa tundu. Nimeambiwa na Mratibu wenu, kijana hodari Lugendo, kwamba ninyi hapa mna desturi nzuri: kilichompata mmoja kimewapata wote. Mimi nawaheshimu wazee wetu. Kwa hiyo natamka rasmi, kupona kwa mtoto huyu ni kupona kwa watoto wote. Kuanzia leo, pembezoni hakuna mtoto mwenye ugonjwa wa moyo."

Makofi yakapigwa. Akina mama waliokuja na wagonjwa wao mgongoni wakageuza shingo kuwaangalia kama tayari wamepona.

Utepe ukakatwa. Lori likawepo. Nyamizi hakusubiri hotuba ya shukrani. Alikwenda stoo, akamwinua Kulwa, akamkimbiza mlango wa nyuma wa lori. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa safi sana, sakafu inateleza, mnanukia rangi mpya. Hamkuwa na kitu. Vijana walikuwa wanapakia viti, turubai na vipaza sauti.

"Vitanda viko wapi?" akauliza.

"Vitanda ni awamu ya pili, mama. Sogea kidogo, viti vya Mheshimiwa visikwaruzwe."

"Na hili lori linakwenda wapi?"

"Wilaya ya jirani, kuzinduliwa."

Alimtafuta Lugendo kwa macho. Lugendo alikuwa ndani ya gari la tatu la msafara, kioo kimepandishwa. Alimwona dada yake. Akamwonyesha kidole gumba, kama mtu anayesema mambo yamekwenda sawa, na gari likaondoka.

*

Nyamizi hakuwa mtu wa kuketi na kulalamika. Alisema moyoni, lori limemshinda Lugendo, hana mamlaka nalo. Lakini amelamba chumvi. Atakuwa anahangaika huko huko. Akamwacha Doto kwa Mama Shija, akamfunga Kulwa mgongoni, akadandia gari la chumvi mpaka mjini, yalipo Makao Makuu ya Mioyo.

Getini palikuwa na bango refu kuliko nyumba. Upande mmoja Kulwa, KABLA. Upande wa pili Doto, anacheka, BAADA. Kulwa akalitazama juu ya bega la mama yake.

"Mama, tumewekwa wote wawili."

"Ndiyo, baba."

"Mimi wamenikosea midomo."

Msichana wa mapokezi alikuwa mpole, amesuka vizuri. "Karibu, mama. Shida gani?"

"Nimemleta Kulwa, wa lile bango. Niliahidiwa atatibiwa siku ile ile."

"Kulwa ameshapona, mama."

"Kulwa ni huyu hapa mgongoni."

Msichana akachungulia. Akaona midomo, akaona kucha. Alikuwa na macho mazuri na akaona vyote. "Huyu anaumwa," akasema.

"Ndiyo maana nimemleta."

"Basi hawezi kuwa Kulwa. Kulwa mzima. Huyo mgonjwa wako anaitwa nani?"

"Mwanangu, nimekuambia. Ni Kulwa. Yule aliyekimbia jukwaani ni Doto."

Msichana akashusha sauti, akatazama mlango. "Mama yangu, usiseme hivyo hapa. Ukisema yule ni Doto, umesema Mheshimiwa amedanganywa. Na Mheshimiwa hadanganyiki, ipo sheria. Sema huyu ni Doto, nitajaribu kumwingiza kama Doto."

Nyamizi akafikiri. Mtoto akihema mgongoni mwako hivyo, jina ni kitu chepesi. "Haya. Ni Doto. Ana ugonjwa wa moyo."

Msichana akaangalia karatasi zake, na uso ukamshuka. "Hapa wanasema Doto, pacha wa Kulwa, alipimwa na Dakta Salha akakutwa mzima kabisa. Mama, mmoja amepona na mwingine hajawahi kuugua. Sina mtoto wa kumtibu."

"Niitie Lugendo. Ni mdogo wangu. Ni mjomba wao. Yeye anawajua hata gizani."

Lugendo akaitwa. Alikuja na Bwana Itifaki nyuma yake. Alikuwa amepewa cheo kipya. Sasa alikuwa Mratibu wa Mioyo Yote. Alisimama mbali kidogo, na Nyamizi akaona kwamba hajalala vizuri, akapata matumaini. Akamfungua Kulwa mgongoni, akamsimamisha chini.

"Shikamoo, mjomba," akasema Kulwa.

Chumba kizima kilimtazama Lugendo. Bwana Itifaki akakohoa.

"Marahaba," akasema Lugendo. "Marahaba, Doto."

Nyamizi alimtazama mdomo tu, ule mdomo alioutafunia viazi kabla haujaota meno.

"Mjomba, mimi Kulwa," mtoto akasema, bila hasira, kama unavyomsahihisha mtu mzima aliyepitiwa.

Lugendo alikuwa anatazama viatu vyake. Ni kweli vilikuwa viatu vizuri.

Walipotoka getini waliambaa na ukuta, kwenye kivuli cha bango. Kulwa hakutaka kubebwa.

"Mama, mjomba kasahau?"

"Kasahau, baba."

"Basi ngoja nichuchumae kidogo."

Akachuchumaa kando ya barabara, magoti kifuani. Nyamizi akachuchumaa kando yake, kwa kuwa Doto hakuwepo wa kumsubiri. Magari yakapita. Watu waliopita waliwaona wamechuchumaa, wakadhani kuna mkubwa anakuja, nao wakachuchumaa. Pumzi haikurudi.

*

Gari la chumvi liliwarudisha Magadini. Mtendaji wa kijiji alikuja kutoa pole, ila hakuitoa mpaka kwanza amefafanua.

"Mama Kulwa, wewe ni mtu mwelewa. Kulwa amepona kitaifa. Ukiweka matanga ya Kulwa, unamzika mtu ambaye serikali inajua yuko hai. Kuna njia nyepesi. Tuseme aliyefariki ni Doto."

"Doto huyo hapo anakula muhogo."

"Ni majina tu, dada yangu."

"Basi tuseme ni wewe. Ni majina tu."

Mtendaji akaondoka kwa haraka. Matanga yakakatazwa. Kifo chenyewe hakikuwa kimezinduliwa, kwa hiyo hakipo. Na kulilia kitu kisichokuwepo ni uchochezi. Walimzika mwinukoni juu ya bonde watu wachache, mikono mitupu, bila mkeka wa wafiwa wala sauti. Nyamizi aliweka jiwe kubwa jeupe kichwani. Majirani walipokutana naye waliuliza habari za chumvi. Kilio kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza hakiendi, akitema hakitoki.

Doto akaendelea kukimbia na kuchuchumaa.

*

Mwaka ulipozunguka, Bwana Itifaki akarudi. Mheshimiwa Mlezi alitaka kuadhimisha Kilele cha Mioyo hapo hapo Magadini, amwone Kulwa, azindue na kitu kidogo.

"Kulwa yupo?" akauliza.

"Yupo," akasema Nyamizi. "Toka mwaka jana hajaondoka."

"Afya yake?"

"Hasumbuliwi na kitu."

"Vizuri sana. Na cha kuzindua? Mheshimiwa hapendi kurudi mkono mtupu."

"Nimeandaa mahali pa Kulwa, pale mwinukoni. Nimeweka na jiwe."

Bwana Itifaki aliguswa. "Jiwe la msingi! Mama, wewe ungefaa kuwa afisa." Akampa utepe na kitambaa cha kufunikia, avipeleke mwenyewe, kwa maana jua lilikuwa kali na mwinuko ulikuwa mkali, na yeye alikuwa na viti vya kupanga.

Siku ikafika. Bendi ikapanda mwinuko. Magadini nzima ikapanda, Nyamizi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Lugendo alikuja nyuma ya Mheshimiwa akiwa amembebea mkasi kwenye mto wa mahameli, na alipoona ni mwinuko gani, miguu ilimwia mizito. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwake, na msafara hausimami kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja.

Mheshimiwa akakata utepe. Akavuta kitambaa. Akaona lundo la udongo na jiwe.

Hakushtuka hata kidogo. Miradi mingi aliyozindua ilikuwa na sura hiyo, na mingine ilibaki nayo. "Msingi imara," akasema. "Natamka kwamba kilichopo hapa, kipo rasmi. Nacho kidumu."

Makofi. Doto akachomoka katikati ya watu, akakimbia mpaka kando ya jiwe, akachuchumaa, akatazama pembeni, akasubiri. Wageni walipomwona wakakumbuka salamu. Mheshimiwa akachuchumaa, wakuu wa idara wakachuchumaa, tarumbeta zikachuchumaa, wote wamelizunguka kaburi, magoti kifuani. Magadini hawakuchuchumaa. Walisimama.

Nyamizi akapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani. Hakukisogeza mdomoni kwake. Alikwenda kwa Lugendo, akainama, akamnyooshea kiganja cha pili. Kilikuwa na chumvi.

"Mdogo wangu, umekuja na mkasi, basi umalizie. Lamba, uwaambie wageni. Aliyelala hapa ni nani?"

Lugendo aliitazama ile chumvi. Akamtazama Mheshimiwa, aliyekuwa anatabasamu akisubiri. Bwana Itifaki akakohoa. Lugendo hakulamba. Akasema, sauti ndogo sana, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na mlima mzima ukasikia:

"Doto."

"Naam, mjomba," akaitika Doto pale kando ya jiwe, maana naye alikuwa amelelewa akiitwa aitike.

Utepe uliokatwa ulikuwa unapepea. Ndipo ule mwiba ukatoka. Nyamizi alilia kilio kilichoanzia chini kabisa, akimwita Kulwa kwa jina lake, na Mama Shija akakipokea, na wanawake wote wa Magadini wakakipokea kutoka kwake, wakaketi chini na vitambaa kichwani, na wanaume wakaanza kukusanya kuni za kukesha matanga.

"Wanalia nini hawa?" Mheshimiwa Mlezi akauliza chini kwa chini, bado amechuchumaa.

"Furaha, Mheshimiwa," akasema Bwana Itifaki.

Mtendaji wa kijiji alitaka kuwazuia. Alifika hata kunyoosha mkono. Kisha akaona utepe umekatwa, akaurudisha mkono mfukoni.